Nusu ya Doto

Kila kitu kilichoingia nyumbani kwa Klementina kilikatwa katikati. Andazi lilikatwa katikati. Mche wa sabuni ulikatwa katikati, kitenge kimoja kilipasuliwa kikatoa magauni mawili, na hata dagaa, wakizidi mmoja kwenye sahani, yule wa mwisho aligawanywa, kichwa huku, mkia huku, na siku nyingine wakabadilishana.

Wajukuu wake walikuwa wawili, Kulwa na Doto, wasichana wa miaka saba. Mabasa, ndivyo Wasukuma wanavyowaita mapacha, na Klementina alikua akijua kwamba mabasa hawabaguliwi. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, siku ile ile, tena sawasawa. Ukimnyima mmoja, uliyemnyima ataugua, na akiugua atamvuta na mwenzake. Jambo hilo lilikuwa halina mjadala. Mama yake alilijua, na bibi yake kabla hajahamia Kakese na ng'ombe zake alilijua.

Zubeda, mwenye duka la jirani, alikuwa hamwachi.

"Bibi Mabasa, siku ukinunua baiskeli utafanyaje?"

"Mmoja atapewa gurudumu la mbele, mwingine la nyuma."

"Na kengele?"

"Kengele nitakuletea wewe, maana ndiyo unaipenda, kelele."

Walicheka hivyo karibu kila siku. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho mabasa walikigawana bila kugawiwa na mtu. Wote wawili walizaliwa na siko seli, ugonjwa wa damu. Mama yao, Rahel, mtoto wa mwisho wa Klementina, alifariki wakiwa hawajamaliza miaka miwili. Baba yao, Amosi, alisikia neno "damu" hospitalini, akaenda machimboni, akasema atarudi baada ya mavuno. Mpunga ulikuwa umevunwa mara tano tangu hapo.

Ugonjwa ule ulikuja kwa zamu. Mtoto anacheza vizuri, jioni anasema, "Bibi, miguu," na wewe unajua. Mifupa inamuwaka. Anapinda kama mdudu kwenye majivu, halii tena, anagumia tu kwa maumivu. Klementina aliwakanda kwa maji ya moto, akawapa vidonge vya zahanati. Kwa miaka yote ile manesi walimwambia maneno yale yale: ni watoto hawa, Bibi, kidonge kizima ni cha mtu mzima, vunja katikati, huyu nusu, huyu nusu. Alikuwa na wembe wake maalumu wa kukatia vidonge, ameufunga kwenye kitambaa, na mkono wake ulishazoea hata unga haukumwagika.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, ukaja mradi. Waliweka kontena jeupe nyuma ya zahanati, na sola juu yake. Daktari wa mradi aliitwa Alex, kijana mpole aliyetoka Dar, kila mara ana simu sikioni. Nesi wa mradi aliitwa Agatha, Mkonongo wa Inyonga, mpangaji wa Nsemulwa kule Mpanda mjini, aliyekuja Kakese na pikipiki yake mwenyewe, gauni amelikunja magotini. Watu walimpenda Agatha. Alikuwa akishika mkono wa mgonjwa kwanza, ndiyo anauliza jina.

Siku Klementina alipoitwa, foleni ilifika mpaka barabarani. Agatha alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, akamwonyesha plasta moja nyembamba, rangi ya chai ya maziwa, haifiki ukubwa wa kiganja cha mtoto.

"Humu ndani, Bibi, kuna visanduku. Vidogo mpaka jicho haliwezi. Chukua unywele mmoja wa kichwa chako, uuchane kwa urefu mara elfu moja. Uzi mmoja utakaobaki, ndio upana wa kisanduku kimoja."

"Nani sasa alivihesabu?"

"Mashine."

"Haya."

"Ndani ya kila kisanduku kuna dawa. Unambandika mtoto mgongoni. Visanduku vinapita kwenye ngozi, vinaingia kwenye damu, vinatoa dawa kidogo kidogo wiki nzima. Maumivu hayamkuti. Jumamosi tunabandua, tunabandika nyingine. Na mimi nakuja na hiki." Alimwonyesha kitu kama simu. "Napitisha juu ya plasta, kinamsoma."

"Kinamsoma nini?"

"Joto lake, damu yake, amelala masaa mangapi."

"Na mkishamsoma mnayapeleka wapi?"

"Yanaenda kwenye kompyuta, huko kwa wakubwa."

"Hivyo visanduku vikishamaliza kazi vinatokea wapi?"

Agatha aliangalia karatasi kidogo. "Vingine vinatoka na mkojo. Vingine bado wanaangalia."

"Wanaangalia kwa Kulwa na Doto."

"Wanaangalia kwa watoto arobaini, Bibi." Kisha akashusha sauti. "Ila kuna jambo. Ni mtoto mmoja kila kaya. Ndivyo walivyopanga."

Klementina alicheka, akidhani ni utani. Alipoona Agatha hacheki, akaacha.

"Nesi, hawa ni mabasa."

"Najua, Bibi. Hata kwetu Inyonga iko hivyo hivyo. Nimemwambia daktari. Anasema utaratibu haumjui pacha wala nani. Chagua mmoja."

"Siwezi kuchagua."

"Basi kompyuta itachagua."

Kompyuta ikachagua Kulwa.

Klementina angeweza kunyanyuka na kuondoka, na baadaye aliyarudia sana maneno hayo moyoni: ningenyanyuka, ningeondoka. Lakini wiki ile Kulwa alikuwa ametoka kulala siku nne bila kunyoosha mguu. Na Agatha alimwambia, miezi sita ikiisha, mambo yakionekana mazuri, Doto naye atapata. Miezi sita ni nini? Yeye aliwahi kusubiri mvua mwaka mzima.

Agatha alianza kumsomea karatasi za kukubali. Zilikuwa kurasa saba. Alisoma ya kwanza, ya pili na ya tatu, taratibu, akieleza. Nje mtoto alikuwa anatapika, mtu anapiga mlango, na mwanaume mmoja kwenye foleni anauliza kwa sauti kama nesi amehamia humo ndani. Agatha alifunua kurasa zilizobaki kwa kidole.

"Hizi za nyuma ni mambo ya sheria tu, Bibi. Kikubwa asiloweshwe, asijikune, na plasta isikae juani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Klementina alisoma mpaka darasa la tatu. Alikataa wino wa kidole, akaandika jina lake herufi moja moja, na ile K akaipa mkia mrefu. Nakala ya Kiswahili ilikuwa moja, ikabaki ofisini. Aliyopewa kwenda nayo nyumbani ilikuwa ya Kiingereza, kwa sababu mashine ilikuwa imeishiwa wino. Aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia, mahali ambapo karatasi za maana hukaa.

*

Wiki ya tatu Kulwa alikimbia. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alitoka dukani kwa Zubeda na kibiriti mkononi akaja mbio mpaka mlangoni, akasimama, akajishangaa.

"Huyo mjukuu wako kazibwa kama tairi," Zubeda alipiga kelele kutoka barazani. "Kumbe pancha ilikuwa mgongoni!"

Klementina alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamwona Doto kwenye mkeka, amejifunika, anaangalia mwenzake. Hakuwa na wivu usoni. Alikuwa anaangalia tu, kama mtu anavyoangalia gari likipita.

Siku moja kabla usiku haujaingia, Doto aliuliza, "Bibi, mimi nilikosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Sasa mbona Kulwa peke yake?"

"Kompyuta ilisema hivyo."

"Kompyuta inanijua?"

Klementina alimkanda miguu.

Kulwa naye alianza vituko. Chai akipewa, anaacha nusu kwa ajili ya Doto hata kama Doto ana yake. Shuleni aliambiwa ameshakuwa mzima, akakataa kukaa mbele bila mwenzake. Siku Doto alipozidiwa, Kulwa alilala naye mkekani akisema na yeye anaumwa, na Agatha alipokuja na kile kidude chake akapitisha mgongoni, kilisema haumwi chochote.

"Anajifanya," Agatha alisema.

"Hajifanyi," Klementina akamwambia. "Nesi, nilikwambia hawa ni mabasa. Angalia huyu alivyokwisha." Akafunua shuka. Doto alikuwa mifupa na macho. "Kompyuta gani hiyo inayosoma mmoja? Huyu nani anamsoma?"

Agatha alikaa chini mkekani, akashika mguu wa Doto.

"Nilimwambia tena daktari, Bibi. Amesema wakipata wote wawili, matokeo yanaharibika. Wanataka waone mwenye dawa na asiye na dawa, wa nyumba moja, damu moja, chakula kimoja. Yeye anasema hawa wenu ndio wazuri kuliko wote, kwa kulinganisha."

"Wazuri."

"Ndivyo alivyosema."

"Kwa hiyo wanamwangalia Doto akiumwa, wajue Kulwa amepona kiasi gani."

Agatha alitoa kwenye mkoba wake vidonge vya zahanati, akamhesabia Klementina vya wiki mbili. "Vunja katikati," akasema kwa mazoea, akaondoka.

Klementina alisubiri. Alikuwa mtu wa kusubiri. Wiki ya saba, ya tisa, ya kumi na moja. Kila Jumamosi Agatha alimbandika Kulwa, na kila Jumamosi Doto aligeukia ukutani.

*

Mvua zilipokolea, barabara ya Kakese ikawa tope la kupandia mpunga. Ijumaa moja Agatha alifika miguu imejaa udongo mpaka magotini, pikipiki ameiacha darajani.

"Bibi, kesho sitapita. Maji yanapanda. Nakuachia plasta ya kesho, utambandika mwenyewe. Umeniona ninavyofanya. Bandua ya zamani, futa ngozi, bandika, shika mpaka uhesabu sitini. Daktari hajui kama nimekuachia, kwa hiyo iwe siri yetu."

"Iwe siri yetu."

Jumamosi asubuhi Doto alizidiwa kuliko siku zote. Vidonge viligoma. Maji ya moto yaligoma. Alikuwa anauma pembe ya mkeka ili asipige kelele, maana alishajua kelele humtesa bibi yake. Kulwa alisimama pembeni, mgongo wazi, ile plasta ya zamani imeshabanduliwa.

"Mpe yeye, Bibi," alisema.

"Nikimpa yeye, wewe utaanza kuumwa jioni."

"Basi kata."

Lilikuwa ni neno la nyumba ile. Hakukuwa na kitu chochote duniani ambacho hakikukatwa mle ndani. Klementina aliishika plasta kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Haikuwa na kitu cha kuonekana. Ilikuwa nyembamba, laini, sawa kila mahali, kama chapati. Alifikiri, kama watu wazima wanapewa kidonge kizima na watoto nusu, basi hawa ni watoto. Kama nusu ya dawa haitoshi, Kulwa ataumwa nusu na Doto atapona nusu, na hiyo ndiyo haki ambayo kompyuta ilishindwa kuitoa. Alifungua kitambaa, akatoa wembe. Alipima kwa uzi wa kushonea ili asimpunje mtu. Akakata.

Alimbandika Doto kwanza, kwa sababu ndiye aliyesubiri. Akashika, akahesabu sitini. Akambandika Kulwa, akahesabu sitini.

Kabla sufuria ya maharage haijachemka, Doto aliachia ule mkeka aliokuwa anauuma. Mabega yakashuka. Uso ukafunguka. Klementina alikuwa hajauona uso ule tangu mtoto akiwa wa kubebwa.

"Bibi," Doto alisema, "imeacha."

"Imeacha?"

"Imeacha yote."

Akacheka kidogo, akafumba macho. Kulwa akajilaza pembeni yake, akalala naye. Klementina alikaa kwenye kigoda mlangoni, akachambua mchele, akawasikiliza mabasa wake wakilala mchana wote wawili bila maumivu, na mvua ikinyesha taratibu juu ya bati. Hata alijisemea kwamba akifa wiki hiyo, hatakuwa na deni na mtu. Aliimba. Aliinuka mara moja akawafunika miguu. Doto alikuwa anakoroma kidogo. Akafurahi, kwa sababu mtoto anayekoroma amepumzika.

Zubeda ndiye aliyekuja kwenye saa tisa, na mwavuli, kuazima kinu.

"Leo nyumba kimya, Bibi Mabasa. Umewakata ndimi?"

"Wamelala. Usiniamshie."

Zubeda alichungulia. Akaweka mwavuli chini. Akaingia, akapiga magoti, akamshika Doto mdomo.

"Bibi," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya utani. "Bibi, mbona midomo ya bluu?"

*

Walipakizwa kwenye bodaboda mbili, Kulwa kwa Klementina, Doto kwa Zubeda. Pale darajani vijana waliwabeba juu ya mabega, wakawavusha, wakapata gari la mchele. Mpaka Mpanda mjini Zubeda alikuwa anampuliza Doto mdomoni, bila kujua kama ndivyo inavyofanywa, huku akimsomea dua katikati ya pumzi na pumzi. Manesi wa hospitali waliwapokea mlangoni. Mmoja alibandua vile vipande viwili vya plasta, akaviangalia kwenye taa, akapiga kelele kumwita daktari.

Kulwa alichomwa sindano ya kumzindua, akazinduka. Mwili wake ulikuwa umeshaizoea dawa ile kwa wiki kumi na moja. Mwili wa Doto haukuwahi kuijua.

Daktari Alex alifika kesho yake. Alikaa na Klementina kwenye benchi la korido, simu ameizima, na macho yake yalikuwa mekundu kweli kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kama mtu anayemweleza mama yake.

"Bibi, ile karatasi laini ya chini, ndiyo inayoshika milango ya kutokea visanduku vyote. Inaifungua mmoja mmoja, wiki nzima. Ukiikata, hakuna tena kinachoshika. Milango yote inafunguka kwa pamoja. Dawa ya siku nyingi ikaingia ndani ya masaa machache."

"Kwa hiyo sikumpa nusu."

"Hapana, Bibi."

"Nilimpa nyingi."

Klementina alitazama mikono yake. Plasta aliipima kwa uzi. Hilo ndilo lililomkaa rohoni kuliko yote: alikuwa ameipima kwa uzi.

Kwao, basa akifa haliliwi. Akiondoka mmoja, watu hawapigi ukunga, kwa sababu aliyebaki akisikia kilio atadhani anaitwa, na ataenda. Basi Doto alizikwa kimya, nyuma ya nyumba mahali penye unyevu, watu wamesimama kwenye manyunyu, wanawake wameuma khanga zao. Hakuna aliyelia. Zubeda, ambaye hakuwa Msukuma na hakuijua mila hiyo, alitoka akaenda kulilia nyuma ya mabanda ya ng'ombe. Klementina alimwonea wivu. Yeye kilio chake hakikuwa na mahali pa kwenda, kikabaki ndani yake kama jiwe kwenye kiatu, na kila hatua aliyopiga alikisikia.

*

Siku ya tisa lilikuja gari la mradi. Daktari Alex alibaki ndani ya gari akiongea na simu. Agatha alishuka na bahasha. Hakumshika mkono. Alikaa kwenye ncha ya mkeka, akatoa karatasi moja, ya Kiswahili safari hii.

"Hii inasema, Bibi, kwamba siku ya kwanza ulisomewa kurasa zote saba. Na kwamba uliambiwa plasta isikatwe, isikunjwe, asipewe mtu mwingine. Na kwamba ulifanya kwa hiari yako."

"Iliandikwa wapi, ya kutokukata?"

"Ukurasa wa tano."

"Ulinisomea mpaka wa tatu."

"Najua."

"Na plasta uliniachia wewe."

"Najua, Bibi." Agatha aliifunika karatasi kwa kiganja. "Ukiandika jina hapa unasema nilikusomea. Sikukusomea. Nilikuwa na watu arobaini nje, nikasema ni nani atakayekata plasta? Nilikujua. Nilikuwa nimekaa humu ndani kila Jumamosi, nikakuona unakata mpaka dagaa. Na mwenyewe nikakuambia vidonge vunja. Sijalala tangu siku hiyo. Usiandike."

Klementina aliangalia nje. Kulwa alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amenyoosha miguu. Alikuwa na siku tisa bila plasta, na asubuhi hiyo alikuwa ameshasema neno lile. Bibi, miguu.

"Nikikataa, huyu atapata plasta?"

"Hapati."

"Nikikubali?"

"Daktari anasema atamwombea kwa wakubwa. Kwamba ikionekana mradi haukukosea, wataendelea, na Kulwa anaweza kurudishwa."

"Anaweza."

"Ndivyo alivyosema."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi sijui, Bibi. Mimi ni nesi tu."

"Basi nenda kamlaze huyo pale, umuone saa kumi jioni anavyokuwa, halafu uje uniambie nisiandike."

Agatha alishusha kichwa.

"Ukweli ungemsaidia Doto," Klementina alisema. "Doto hayupo. Nipe kalamu."

Aliandika jina lake herufi moja moja. Mkono ulikuwa mzito, na ile K haikupata mkia. Agatha alichukua karatasi bila kuiangalia, akaenda nayo garini. Daktari Alex alishusha kioo, akaipokea, akainamisha kichwa kwa heshima kuelekea mlangoni kwa Klementina. Gari likaondoka.

Jumamosi ya kwanza hakuja mtu. Klementina alimwogesha Kulwa, akamfuta mgongo, akamwambia akae tayari. Jumamosi ya pili hakuja mtu. Kulwa alikuwa hawezi tena kufika kizingitini. Usingizini alinyoosha mkono upande wa Doto, akapapasa mkeka, na mkono ukabaki pale pale.

Jumatatu Klementina alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, akatembea naye mpaka zahanati. Njiani alipumzika mara sita.

Kontena lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Sola ilikuwa imeshatolewa, zimebaki nyaya zinaning'inia. Barazani walikaa wanawake wengi na watoto wao, na hakuna aliyekuwa akiongea. Mwanamke mmoja, Hadia, mke wa fundi baiskeli, alikuwa amempakata mwanawe Sadalla, mvulana mkubwa wa miaka kumi, miguu inagusa chini. Mgongoni kwa Sadalla plasta ya zamani ilikuwa bado imeshika, ncha zimenyanyuka, imekuwa nyeusi kwa vumbi. Mama yake alikuwa ameogopa kuibandua.

Kwenye mlango wa kontena palibandikwa tangazo. Klementina alimshusha Kulwa sakafuni, akasogea, akasoma kwa kidole, neno moja moja, watu wote wakimwangalia mgongo. Lilisema mradi umesitishwa katika eneo hili. Lilisema sababu ni matumizi yasiyo sahihi yaliyofanywa na walezi, kama ilivyothibitishwa kwa maandishi. Lilisema vifaa na wataalamu wamehamishiwa mkoa mwingine. Lilishukuru jamii kwa ushirikiano.

Alisoma tena lile neno, kwa maandishi.

"Ndiye yeye," mmoja alisema nyuma yake. "Ndiye bibi aliyekata."

"Nesi Agatha yuko wapi?" Klementina aliuliza.

"Amefukuzwa," alisema mwingine. "Wanasema aliandika barua, akasema kosa ni lake. Wakamwambia mbona mwenye mtoto ameshasaini kwamba si lako? Wakamfukuza, wakasema ni mwongo."

Klementina alikaa chini pale pale sakafuni, pembeni ya Kulwa. Alitaka kuwaambia kitu. Kwamba walimwambia anaweza kurudishwa. Kwamba aliandika kwa ajili ya huyu. Lakini aliona watoto wale wote, mmoja mmoja, wamepakatwa, wengine wamelazwa kwenye khanga, na akajua kwamba kila mmoja ana mama ambaye alikuwa na Jumamosi yake.

Hadia alikuwa anamtazama bila kupepesa.

"Ulisaini, Bibi?"

"Nilisaini."

"Ulijua ni uongo?"

"Nilijua."

Hadia alimwangalia Kulwa muda mrefu, miguu ilivyopinda, kidevu kilivyobana. Kisha akamwangalia mwanawe.

"Na mimi ningesaini," alisema. Hakusema kwa upole. Alisema kama mtu anayetema kitu kichungu. Kisha akageuza uso.

Kulwa alianza kuuma pembe ya khanga ya bibi yake. Alijifunza kwa mwenzake. Klementina alimwachia. Alitoa kidonge kimoja alichobakiza, akatafuta wembe mfukoni, akakumbuka kwamba aliutupa chooni siku ya mazishi. Akakishika kidonge kile kizima kwenye kiganja, cheupe, kidogo. Hakujua tena kama ni kingi au ni kichache. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Alikaa nacho hivyo, mkono umefunguka, akiangalia ule mlango wenye kufuli.